Ukuta wa Magunia

Mama Yolande alipotangaza kwamba anaenda konje, yaani likizo, akina mama wenzake wa kanisa walicheka mpaka wakashika mbavu. Konje! Mtu anayelima mihogo Kafutuma, kando ya Nchelenge ya Zambia, anayelala na kuku na kuamka na jogoo, anakwenda kupumzika ng'ambo kama mwalimu mkuu? Walimwuliza kama atanunua na miwani ya jua. Yeye akawaambia atanunua mbili, moja ya kuvaa na moja ya kuwaringia, akaendelea kumenya mihogo yake.

Alikuwa ameshakata shauri. Dada yake Angèle, kule Pweto upande wa Kongo, alikuwa amejenga nyumba yenye baraza inayotazama ziwa, na watu wa Lubumbashi walikuwa wakilipa ili walale hapo, waoge, wale samaki wabichi na kupigwa na upepo wa milimani.

"Kuya na weye upumzike," Angèle alimwambia kwenye simu. "Batu ya mbali banakuya kupumzikia kwetu. Weye mwenye ulizaliwa hapa unapumzikia wapi? Mu mihogo?"

Hawakuwa wameonana tangu vita vilipowatawanya. Angèle alibaki kujificha milimani. Yolande alimshika mkono binti yake Noëlla, wakati huo mtoto wa kwenda darasani, wakatembea hadi Zambia. Tangu hapo Noëlla alikua, akaolewa, akazaa, na hao dada wawili walionana kwenye simu tu, mmoja akionyesha paji la uso na mwingine akionyesha dari. Mama Yolande alichoka kutazama dari. Alimtaka dada yake mzima, mwenye mikono na kicheko.

Kwa hiyo shida haikuwa hamu ya kwenda. Shida ilikuwa mkwe.

Hugues, mume wa Noëlla, alikuwa mfanyabiashara wa samaki mzaliwa wa Kilwa ya Kongo, mtu wa haki na mwenye bidii, na ndiye aliyejitolea kuwapeleka wote: mkewe, mtoto wao mdogo aitwaye Dada, na mama mkwe. Ila huyo mama mkwe na huyo mkwe hawakuwahi kutazamana usoni. Ndivyo Mama Yolande alivyolelewa na bibi yake: mama na mume wa binti yake hawali mbele ya macho ya mwenzake, hawatajani majina, hawagusani hata kidole, mpaka siku ndugu wa pande zote mbili watakapokutana na kuku na kitambaa cheupe, wawakalishe pamoja, wale, na mlango uhesabiwe kuwa umefunguliwa. Ndugu wa Hugues wengine walikufa, wengine wako wanakojua wenyewe. Hakukuwa na wa kuja kumshika mkono. Mlango ukabaki umefungwa mwaka baada ya mwaka.

Majirani wa Nchelenge waliwacheka. Siku hizi, walisema, wakwe wanakaa sebule moja wakitazama mpira na kugombania kiti. Na wao wakae. Mama Yolande hakuwa mtu wa kuipunguzia heshima bei. Na Hugues, tuseme ukweli, alikuwa amemzidi. Mama Yolande alikuwa na kitenge cha njano cha akina mama wa kanisa, njano ya kuonekana tangu barabarani, na Hugues akiona njano tu alikuwa anapotea. Anaingia migombani, anaingia kwa jirani bila hodi. Siku moja alirukia ndani ya shimo la matofali, akachuchumaa humo mpaka njano ikapita. Mama Yolande alimwona vizuri sana. Alifika nyumbani akafunga mlango wa jiko, akacheka huku amejiziba mdomo na upande wa kitenge.

Ndiyo maana alimjua kwa nyuma. Uso wa mkwe wake hakuujua, lakini visigino vyake, jinsi bega la kushoto linavyoshuka kidogo, na sikio lake la kulia lililokatika ncha, hivyo alivijua kama anavyoyajua matuta ya shamba lake.

Na mgongo huo ulikuwa na jambo lake. Noëlla aliposhikwa na uchungu wa kumzaa Dada alikuwa Kafutuma kwa mama yake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, njia imekuwa mto, hakuna baiskeli wala gari la kupita. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Hugues hakuuliza mtu. Alimweka mkewe mgongoni, akamfunga kwa shuka, akaingia kwenye maji yaliyomfika magotini na kwenda naye hadi kituo cha afya. Mama Yolande alifuata nyuma, kwa umbali ule wa heshima, akiomba Mungu na kutazama mgongo mmoja uliobeba watu wake wawili. Mgongo uliteleza, ukainuka, ukateleza, ukainuka tena. Mtoto alitoka salama na mama yake akapona.

Mama Yolande hakuwahi kumwambia asante. Alituma kuku kwa mkono wa jirani, alituma kikapu cha karanga, na kila mara alirudi jikoni akiwa na uzito uleule kifuani. Shukrani kama ile mtu haitumi. Inamkaa.

Basi siku ya kupanga safari walikaa kwa mtindo wao: Mama Yolande ndani ya jiko, Hugues nje nyuma ya ukuta wa jiko akiwa ameupa mgongo, na Noëlla mlangoni, ambaye kazi yake tangu aolewe ilikuwa kurudia maneno ambayo kila mtu ameshayasikia.

"Ambia mama," Hugues alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani, "njia ya fupi ni ya motokari. Tunapanda hapa, tunapita Chienge, tunavuka mupaka, mangaribi tuko Pweto."

Noëlla akageuzia uso ndani. "Anasema motokari, kwa Chienge."

"Nimesikia, miye si kiziwi. Muulize tutakaa namna gani mu ile motokari."

Noëlla akageuzia uso nje. "Mama anauliza mutakaa namna gani."

Mama Yolande alikuwa ameshalifikiria hilo tangu jana. Akikaa yeye mbele, mkwe atatazama kisogo chake kutwa nzima. Akikaa mkwe mbele, kile kioo cha dereva kitawakutanisha macho kabla hawajatoka mjini. Wakikaa wote nyuma, magoti yatagusana, na hapo ni afadhali arudi akamenye mihogo. Tena ilikuwapo sababu nyingine ambayo hakuwa amepanga kuisema, ila ilimtoka.

"Ile njia naijua. Nilipitaka na miguu, muzigo ku kichwa, na weye unalia juu ya bidonda. Haiko njia ya konje."

Hilo Noëlla hakulirudia.

"Ambia mama, kuko moto pia," Hugues alijaribu tena baadaye, akimaanisha pikipiki. "Moto mbili. Mama mbele, miye nyuma kabisa, mbali, hata vumbi yake sione."

"Muambie anipandishe moto siku muzima," Mama Yolande alijibu, "kisha atafute fundi wa kunishusha."

Noëlla akatoa wazo lake mwenyewe: wazunguke kwa Lubumbashi. Basi za huko ni kubwa, mama atakaa mbele kabisa, wao watakaa nyuma kabisa, na katikati kutakuwa na watu hamsini. Lilikuwa wazo zuri kwa mtu asiyejua ramani. Lilimaanisha kushuka kusini sana, kuvuka, kisha kupanda tena kaskazini kwa njia mbovu, ili kufika mahali palipo kwenye ziwa lilelile wanalochotea maji. Kuku wa Angèle wangekufa kwa uzee wakiwasubiri.

Hugues alisitasita. Alijua mama mkwe wake anaogopa maji. Miaka yote aliyokaa karibu na ziwa hakuwahi kuligusa ila kwa ndoo.

"Kuko boti ya Barthélemy," alisema mwishowe, polepole. "Ule kapiteni wa kwetu Kilwa. Anapelekaka mizigo Pweto. Boti iko murefu. Bamama banakaa mbele, banaume nyuma ku mashini. Mu katikati kuko magunia ya unga, matela, makarton ya sabuni. Yote inapandana mpaka juu, sawa ukuta."

Safari hii Mama Yolande hakumngoja Noëlla. Aliweka chini chekeche lake. "Muulize kama mutu wa mbele anaona mutu wa nyuma."

"Haone."

"Hata kichwa?"

"Hata kichwa."

"Na sauti?"

"Mashini inapiga makelele, mama hatasikia hata kama naimba."

Alipima kuogopa maji, akapima kuogopa aibu. Maji yakiamua kumchukua yatamchukua mara moja, yaishe. Aibu mbele ya mkwe angeishi nayo, angeipikia, angelala nayo. "Muambie tunaenda na boti," alisema, na nyuma ya ukuta mtu alisikika akishusha pumzi ndefu.

Hakuna aliyekumbuka kuuliza watu wanashukaje wakifika.

Waliondoka Nchelenge asubuhi, na mwanzo wake ulikuwa mzuri kupita kiasi. Boti ilikuwa imefungwa kwenye gati, Mama Yolande akapanda kwa miguu yake mwenyewe, kavu, mkoba kwapani, kama mtu anayeingia kanisani. Mbele alikaa yeye na Noëlla na mjukuu, pamoja na mwanamke kijana aitwaye Marlène, mchuuzi wa mafuta ya kupikia anayevuka ziwa kila mara na kila mara linamchafua tumbo. Na katikati, Bwana asifiwe, ulisimama ukuta. Magunia ya unga, magodoro yaliyokunjwa, katoni juu ya katoni. Hugues alikuwa huko nyuma penye injini, na ilikuwa kama yuko Lusaka.

Mama Yolande alitulia. Alipoona maji hayana haraka naye, alivua viatu. Alikula mihogo ya kuchemsha na karanga kwa mdomo mzima, bila kugeuka huku na huku. Alipiga mwayo wazi, akanyoosha miguu juu ya gunia, kisha akalala usingizi wa mdomo wazi mpaka Noëlla akampiga picha. Hakuwahi kuwa karibu hivyo na mkwe wake akiwa huru hivyo. Alifikiri: mtu aliyebuni magunia, Mungu amlipe.

Mchana upepo uliinuka na mawimbi yakaanza kurusha maji ndani. Marlène alikuwa ameinama ukingoni, amelowa, anatetemeka. Mama Yolande hakufikiri mara mbili. Alivua kitenge chake cha njano, ambacho kilikuwa kikavu kwa sababu alikuwa amekikalia, akamzungushia binti wa watu kuanzia kichwani.

"Jifunike, mutoto. Utanirudishia tukifika."

"Na weye, mama?"

"Miye niko na mafuta yangu ya mwili."

Jioni ilipoanza kupoa hata mafuta ya mwili hayakutosha. Barthélemy, kapiteni, mwanamume mzee mwenye kofia ya sufu hata juani, alirusha juu ya ukuta blanketi la kijivu la boti, lenye harufu ya petroli na samaki, na Mama Yolande akajifunika nalo.

Milima ya Pweto ilikuwa imesogea. Ufuo ukaonekana, mitumbwi, watoto, wanawake wanaofua. Mama Yolande akatafuta gati kwa macho. Akatafuta tena. Injini ikazimwa, boti ikakwama kwenye mchanga, na kati yake na nchi kavu palibaki maji mengi yanayofika mapajani. Kutoka ufuoni walikuja wanaume wawili waliokunja suruali, wakaipa boti migongo na kuinama.

"Bale banafanya nini?" aliuliza.

"Banabeba batu, mama," Noëlla alisema, naye uso ukimbadilika. "Ni namna ya huku. Hata bibi ya pasta anabebwa."

"Kubebwa? Miye? Ku mugongo ya mwanaume, na hii umri?"

Lakini boti nyingine ilikuwa imetia nanga kabla yao na wabebaji wengi walikuwa huko. Hapakuwa na muda wa kubishana. Noëlla akachukuliwa kwanza na mtoto wake, akiahidi kumrudishia mama yake mbebaji mpole. Wa pili akamchukua Marlène, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kuning'inia vizuri, amefunikwa njano kuanzia utosini hadi magotini. Mama Yolande alibaki. Na kwa kuwa sasa wanaume wa nyuma walianza kushuka na kupita pembeni ya boti, alifanya ambalo mama mkwe yeyote mwenye adabu angefanya: alivuta blanketi akajifunika kichwa chote pamoja na uso, akangoja.

Sasa mtazameni Hugues. Alikuwa ameshuka nyuma, mfuko kichwani, simu yake ndani ya kijiplastiki ameing'ata kwa meno isilowe, na uso ameugeuzia mbali na upande wa akina mama kama alivyofundishwa. Kwa pembe ya jicho aliona njano ikipita mgongoni mwa mbebaji na kwenda ufuoni. Moyo wake ukatua. Mama mkwe amefika, amefika mkavu, hakuna lililoharibika. Akaweka mfuko wake mchangani.

"Hugues!" Barthélemy akaita kutoka kwenye boti. "Saidia kidogo! Kumebakia muzee moja kule mbele!"

Hugues, ambaye hawezi kukataa kusaidia, akarudi majini. Akafika mbele, akaona kitu kikubwa cha kijivu kisicho na uso, akageuka, akainama, akajipiga bega mara mbili kwa kiganja, maana mdomo ulikuwa na simu. Mama Yolande akasikia kile kiganja. Akapapasa, akapata mabega, akamwomba Mungu, akapanda.

"Wee, ule mama ni magunia mbili!" mbebaji mmoja akapiga kelele akipita.

"Mmh!" aliyembeba akakubali kwa meno yaliyofungwa.

Mama Yolande aliudhika. Akainua pembe ya blanketi ili angalau amwone huyo asiye na adabu. Mbele ya pua yake, karibu kiasi cha kuhesabu nywele, lilikuwapo sikio la kulia lililokatika ncha.

Alitazama bega la kushoto. Limeshuka kidogo. Alikuwa amekaa juu ya mkwe wake, amemkumbatia shingo, mapaja yake yako mikononi mwa mume wa binti yake, kweupe, mbele ya Pweto nzima. Akipiga ukelele, atamwangusha. Akinyamaza, ataonekana alikubali. Aliona amekwisha. Akarudisha blanketi usoni, akajikaza, akaamua kwamba akifika ufuoni atakuwa bibi asiyejulikana na atakwenda zake hivyohivyo, amefunikwa, mpaka nyumbani kwa Angèle.

Lakini Angèle alikuwa ufuoni. Alikuwa ameshamkumbatia Noëlla na kumrusha mjukuu hewani, na sasa alimkimbilia yule wa njano mikono wazi, akafunua kitenge, akakuta msichana asiyemjua, uso umesawijika.

"Na Yolande? Yolande eko wapi?"

Noëlla akamtazama Marlène. Akatazama kitenge. Akatazama majini. Ukelele aliotoa uliwasimamisha hata wafuaji.

"Hugues! Hugueees! Ule ni mama!"

Hugues alisimama. Mdomo ukafunguka, simu ikadondoka majini na hakuitazama. Alisimama na maji yakimfika mapajani, hawezi kwenda, hawezi kurudi. Kuendelea kumbeba mama mkwe ni vibaya. Kumshusha mama mkwe ziwani ni vibaya zaidi. Ufuoni mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wengi. Mama Yolande aliusikia mgongo ukitetemeka chini yake. Polepole, bila kujua anafanya nini, Hugues akaanza kukunja magoti kama anayetaka kuliacha ziwa liamue, na maji yakazigusa nyayo zake mama mkwe.

"Usinishushe!"

Ndilo lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumwambia. Lilimtoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka, yeye hakufa na mbingu hazikushuka.

"Mama," Hugues alisema, akitazama mbele. "Miye sikujua. Niliona njano…"

"Najua. Nilipatia mutoto wa batu ile kitenge, alikuwa anasikia baridi. Haiko kosa yako."

"Mama, nifanye namna gani?"

Akaona kichekesho chake chote: miaka ya kukimbiana, shimo la matofali, ukuta wa magunia, na hapa wako, kifua kwa mgongo. Na bado hawakuwa wakionana uso. Kama kulikuwa na mahali pa kulisema lile jambo, ni hapa, na kama kulikuwa na wakati, ni kabla hajashushwa. Akaondoa blanketi kichwani. Akainamia lile sikio ili watu wasisikie.

"Hii mugongo naijua," alisema. "Mu ile mvua ya Kafutuma nilitembea nyuma yake. Ilibebaka mutoto yangu na mutoto yake, ikaanguka, ikasimama. Miye sikukuambiaka aksanti hata siku moja. Nilikuwa natuma kuku. Kuku inajua kusema nini? Aksanti, Hugues. Aksanti sana, mutoto yangu."

Alikuwa amelitaja jina lake. Mgongo uliacha kutetemeka kwa hofu, ukaanza kutetemeka kwa kitu kingine, na Mama Yolande akaona matone yakishuka kwenye shavu ambalo hakuwahi kuliona.

"Tembea sasa," alimwambia kwa upole. "Niko muzito, ulikubali weye mwenyewe."

Akatembea. Alitembea kwa uangalifu, kama alivyotembea siku ile ya mvua, na Mama Yolande akaacha kujikaza. Uzito aliokuwa nao kifuani tangu siku ile, alipoutafuta hakuupata. Ulikuwa umetoka na lile neno moja, bure kabisa, na alikuwa ameubeba muda wote huo.

Angèle aliwapokea akicheka na kulia kwa pamoja. Aliwakumbatia wote wawili kabla mkwe hajamshusha mama, maana alikuwa na haraka. Barthélemy akaja akitoa maji kwenye viatu, akatangaza kwamba hili si jambo dogo, limewagusa wakwe, linadai kuku na kitambaa cheupe.

"Kuku iko," Angèle akasema. "Kitambaa iko. Lakini ku upande ya bwana, nani atasimama?"

Hugues aliinamisha kichwa. Hilo ndilo lililowafungia mlango siku zote.

"Miye nitasimama," Barthélemy akasema, akivua ile kofia yake ya sufu kwa mara ya kwanza. "Nilijua baba yake kule Kilwa. Hamukuniuliza tu."

Kesho yake mchana, kwenye baraza yenye kutazama ziwa, waliwekewa mkeka mmoja na sinia moja ya bukari, ugali wa huko, na kuku. Angèle alimshika dada yake mkono, Barthélemy akamshika Hugues, wakawaketisha wakiwa wametazamana. Mama Yolande aliinua macho. Mkwe wake alikuwa na uso mchangamfu, mdogo kuliko alivyomdhania, na mwanya kati ya meno kama wa Dada, mjukuu. Alikuwa amejiuliza mara nyingi mwanya ule mtoto ameutoa wapi. Akakata paja la kuku akamwekea, na Hugues akalila mbele yake, akitafuna kwa aibu, kisha kwa njaa.

Siku za konje zilizofuata zilikuwa za kukaa, kula na kuoga, na Mama Yolande aliingia ziwani mpaka magotini akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Pia aligundua kwamba mkwe wake anaongea kupita kiasi. Anaongea asubuhi, anaongea akila, anaeleza bei ya samaki wa kila bandari. Mara moja au mbili aliukumbuka ukuta wa jiko kwa mapenzi.

Siku ya kupanga kurudi Noëlla alisimama mlangoni, kwa mazoea. "Mama, Hugues anauliza tutarudia na njia gani."

"Hana kinywa? Si huyu hapa mbele yangu?"

Hugues akacheka, mwanya wazi. "Mama, Barthélemy anaondoka juma hii. Lakini boti inarudia wazi, hakuna mizigo. Hakuna ukuta."

"Ukuta wa nini?" Mama Yolande alitazama juu ya paa za Pweto, kule ambako barabara inaacha mji na kushika njia ya mpaka. "Tupite Chienge," alisema. "Na motokari. Iko fasi moja, pahali mu ile njia tulilalaka, miye na Noëlla, siku tulikuwa tunakimbia vita. Nataka nikuonyeshe."

Noëlla alimtazama mama yake, akamtazama mumewe. Machozi yalikuwa karibu, lakini swali lilimtoka kwanza, lile la zamani.

"Na mutakaa namna gani mu motokari?"

"Weye na mutoto dirishani," Mama Yolande alisema, akiinuka kwenda kufunga mkoba. "Bwana yako dirisha ingine. Miye katikati."